Mwenyekiti Wetu na Nta ya Warina

Sokoni wauzaji wakimwona Mwenyekiti anatokeza upande wa wauza chumvi, walikuwa wanaanza kuficha mikono. Wengine waliitia chini ya khanga, wengine walijifanya wana kazi kubwa ya kufunga mafungu ya mchicha. Mgeni angedhani huyu mama ni askari. Wala. Alikuwa amekuja kununua nyanya.

Mwenyekiti alikuwa na sheria yake: mkulima hapunguziwi bei, mlanguzi haonewi huruma. Ukimwambia nyanya umelima mwenyewe, alilipa ulichotaja, akakushukuru, akaulizia mvua ya kwenu. Ukimwambia umenunua mahali ili uje kuuza, hapo mtavutana mpaka adhana ya adhuhuri. Sasa wauzaji nao si wajinga. Haukupita muda soko zima likawa la wakulima. Hata kijana mmoja wa mtaa wetu wa Ng'ambo, hapa Tabora, anayejulikana kwa kuchana nywele kila saa, naye akawa amelima. Ndipo Mwenyekiti akabuni dawa.

"Nionyeshe mikono," akamwambia yule kijana.

Kijana akacheka, akaitoa. Mwenyekiti akaigeuza, akaibinya kama anapima unga.

"Mwanangu, hii umelimia nini? Hii laini kuliko andazi langu. Haya, tuanze. Mwisho ngapi?"

Mimi siku hiyo nilikuwa nimembebea kikapu, jua linaniunguza, miguu inawaka. Nikamwambia, Mwenyekiti, lipa tuondoke, nyanya ni nyanya. Akanigeukia taratibu. "Msomi, unakimbia kwenda wapi? Umeacha mtoto jikoni?" Sikuwa na mtoto, sikuwa na jiko. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri majibu, na kila kitu duniani nilikiona kinakwenda polepole mno.

Jina lake nalijua, lakini kuliandika hapa ni kama kumwita mtu mwingine. Hata mumewe halitumii. Yeye ni fundi cherehani, mtu mpole, anakaa barazani kwao na mashine yake, na utamsikia anasema, "Mwenyekiti, chai imepoa," au "Mwenyekiti, wageni." Alianza kuwa mwenyekiti wa akina mama wa mtaa wao, baadaye wa kamati za harusi zote, halafu ikawa akiingia mahali popote watu wanamsogezea kiti cha mbele bila kuuliza kikao ni cha nini. Nyumbani kwake chakula cha mchana kilifunguliwa rasmi. Mtoto akileta malalamiko katikati ya ugali alijibiwa, "Hiyo haimo kwenye ajenda," na mtoto ananyamaza kweli.

Alipenda cheo, sitaficha. Alihubiri usawa asubuhi mpaka jioni, binadamu wote ndugu zangu, lakini kile kiti chenye mikono alikikalia yeye tu. Siku moja nilikikalia kwa kusahau. Alisimama mbele yangu akaanza kusoma salamu za kufungua mkutano, polepole, mpaka nikajiondokea mwenyewe.

Na alikuwa mchuuzi. Hili lilinisumbua sana. Mtu anawasema walanguzi hivyo, na mbele ya nyumba yake kuna magunia ya mchele anaonunua kwa watu na kuuza kwa kibaba. Nikamwuliza, maana mimi nikiwa na swali haliwezi kulala.

"Na wewe Mwenyekiti, si unachuuza?"

"Nachuuza," akasema. "Lakini nachuuza kwa huzuni."

Mumewe alicheka barazani mpaka uzi ukakatika. Lakini baadaye niligundua kwamba wale wanaomletea mchele walikuwa wanashindana kuja kwake, na wengine walimpita mnunuzi wa karibu na kwao ili wafike Ng'ambo. Sijui aliwapa bei gani. Huzuni yake ilikuwa na maana.

Alikuwa na neno lake moja ambalo mtaa wote ulilijua. Ukija kumweleza habari ya mtu mwingine, kwamba fulani ameonewa, fulani hakubali, fulani anaomba, alikusikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza, "Na mwenyewe yuko wapi?" Basi. Nilikuwa namwona mtu mzima, balozi wa nyumba kumi, amekuja na maneno mazuri juu ya shida za watu, anaulizwa hivyo na anabaki anajikuna shingo. Mwanzoni niliona ni ukorofi. Baba yangu, ambaye ni mzee wa kanisa kule kwetu Chemchem na hapendi kelele, alisema huyo mama ana swali moja tu lakini linamtosha.

Hili la nta lilianzia hapo hapo kwenye swali lake.

Mjomba wangu ni mrina asali. Anatundika mizinga porini njia ya Sikonge, na tangu wahamie kijiji cha ujamaa wanarina pamoja, wanayeyusha nta pamoja, wanaiuza kwa pamoja. Mwenyekiti alikwenda huko na akina mama wenzake kusaidia kuvuna karanga, akakuta ni siku ya kuuza nta. Mjomba na wenzake walikuwa wameyapanga mabonge yao vizuri, yamekauka, yananukia. Mnunuzi akapita na kofia yake, hakugusa, hakukwaruza, akasema, "Daraja la pili," akaendelea. Bonge zima la kazi ya msimu, mtu anapita kama anakagua vibao vya barabarani! Nta ikiwa nyeusi juu haina maana ni chafu ndani. Ukiyeyusha kidogo na kuichuja unaona. Lakini nani ayeyushe, na wao wana haraka?

Mwenyekiti akapanda moto. Alisema mengi, nami nimeambiwa yalisikika mpaka mashamba ya mihogo. Mnunuzi akamsikiliza, akamwuliza kwa upole, "Mama, wewe una mizinga mingapi?"

Hakuwa na hata mmoja. Kusema kweli alikuwa anawaogopa nyuki kuliko kitu chochote. Nyuki mmoja, mmoja tu, aliwahi kuingia kwenye mkutano wake, naye Mwenyekiti akaufunga mkutano akiwa tayari yuko nje.

Alirudi Ng'ambo, chakula cha mchana kikaliwa bila kufunguliwa rasmi, mumewe akadhani anaumwa. Kesho yake akaita kikao. Akasema mambo mawili. La kwanza, nta isipangiwe daraja mpaka iyeyushwe mbele ya mwenye nta, na bei itangazwe kabla ya msimu, si baada. La pili, hatutaandika barua tena. Barua zilikwishakwenda, za kijiji, za mtaa, hata moja niliyoiandika mimi kwa Kiswahili cha kupendeza. Zimelala huko. "Wanunuzi wana mkutano wao mkubwa Dar es Salaam," akasema. "Warina watatu waende, waingie mle ndani, waweke nta mezani, waseme."

"Na nauli?" akauliza fundi.

"Tutafanya gulio la hisani. Tutauza vitu."

Akawaahidi kijijini. Hilo ndilo lililonitia hofu, kwa sababu Mwenyekiti akiahidi haongezi insha'Allah kwa ajili ya kujificha nyuma yake. Anaiongeza kwa kumaanisha. Mjomba alikwisha kuchagua bonge la kubeba. Kama gulio lingeshindwa, warina wangebaki, nta ingepitiwa na kofia msimu mwingine, na Mwenyekiti asingeweza tena kumwuliza mtu yeyote Tabora hii mwenyewe yuko wapi.

Watu walitoa. Najivunia mpaka leo namna walivyotoa. Mikeka, nyungo, vinu, mitungi, kofia za kushonwa kwa mkono, makubazi, jogoo wawili wasiopatana. Akina mama wa kanisani kwetu walileta karanga za kukaanga, akina mama wa Ng'ambo wakaleta vitumbua na visheti. Shehe wa mtaa alituma ubao wa bao aliouchonga babu yake. Fundi alishona mashati usiku na mchana. Asali ilitoka kijijini kwenye madebe.

Halafu Mwenyekiti akafanya kosa.

Alisimama kwenye kikao akasema, "Sisi tunadai bei ya haki. Hatuwezi kudai bei ya haki huku tunapatana kama vichaa. Gulio letu litakuwa na bei moja. Kila kitu na kadi yake. Mtu asome, alipe." Yeye! Bingwa wa "mwisho ngapi" wa mji mzima! Na mimi nilishangilia, maana niliona huu ndio ustaarabu, hakuna kupoteza muda. Nikaandika kadi zote kwa wino mwekundu.

Jumamosi watu walikuja wengi. Wakazunguka, wakashika, wakapindua. Bibi mmoja akachukua ungo, akauliza, "Mwisho ngapi, mjukuu wangu?"

"Bei ni hiyo hiyo, bibi."

"Nimeiona. Nakuuliza mwisho."

"Mwisho ndiyo hiyo."

Akaniangalia kama nimekataa salamu yake. "Sasa binti, hata kuongea tusiongee?" Akaweka ungo chini kwa adabu, akaondoka. Na wengine hivyo hivyo. Hawakuwa na hasira, walikuwa na aibu, kama watu waliokaribishwa nyumbani kwa mtu halafu wakaachwa wamesimama mlangoni. Mzee mmoja aliyekuwa anautazama ule ubao wa bao alisema wazi, "Hapa siyo gulio, hapa ni posta." Ilipofika alasiri meza zilikuwa zimejaa kama asubuhi. Vitumbua vimekauka. Mjomba alikuwa amesimama pembeni na bonge lake ndani ya gunia, amekuja kutoka kijijini na wenzake wawili, tayari kwa treni, na hakuuliza chochote. Hilo ndilo liliniumiza.

Nikamwendea Mwenyekiti. "Tunafanya nini?"

"Usinipigie kelele, nafikiri."

"Fikiri haraka!"

Hakupata nafasi ya kunijibu, kwa sababu mkagua tiketi wa reli alikuwa anakuja. Huyu ni Mzaramo, mtu wa pwani kabisa, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wanateremka na mizigo mpaka kwao. Mtani anaweza kukusema lolote, anaweza kukunyang'anya kitu chako mbele za watu, na wewe huna haki ya kununa; unakikomboa tu. Alikuwa amevaa sare yake nyeupe na kofia yenye ukingo mweusi.

"Enhe, Wanyamwezi!" akapaza sauti toka mbali. "Mizigo yote hii chini, msafara unaondoka lini?"

Nilimwona Mwenyekiti anainuka kwenye kile kiti chake. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikwenda moja kwa moja kwa yule bwana, akamvua kofia, akapanda nayo juu ya benchi.

"Kofia ya serikali hiyo!" akasema mkagua tiketi.

"Serikali ni ya wakulima na wafanyakazi. Leo wakulima wameichukua. Jamani, nani anaitaka kofia ya Mzaramo?"

"Mimi!" akajibu mtu nyuma. "Nitamvalisha mbuzi wangu!"

"Mbuzi wako hana tiketi!" akajibu mwenye kofia, na watu wakaanza kurudi. Waliokuwa wamefika barabarani waligeuka.

"Sikilizeni," Mwenyekiti akasema. "Mateka hakombolewi kwa maneno. Anayemkomboa anunue kitu pale mezani. Na zile kadi nyekundu, zile ni mwanzo tu. Tunapatana, lakini tunapatana kwenda juu."

"Si ulisema bei moja?" nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Nimebadilisha."

"Bila kikao?"

"Mimi ndiye kikao. Shika jogoo huyo."

Mkagua tiketi alinunua mkeka, akaambiwa mkeka ule ni wa kichwa kidogo, kofia yake ni kubwa, aongeze mtungi. Akaongeza mtungi. Alipopata kofia yake hakuondoka; aliinama akachomoa kiatu cha Mwenyekiti mguuni, akakiinua juu. "Na huyu nani atamkomboa?" Watu wote wakamgeukia fundi. Fundi wa watu, aliyeshona mashati yote yale, akalazimika kununua shati lake mwenyewe, na mtani akamkatalia bei mara tatu. "Mkeo mzito huyu, ongeza!" Sijawahi kumwona fundi anacheka namna ile.

Basi ikawa moto. Kila mtu akamkumbuka mtani wake. Miwani ilitekwa, bakora ilitekwa, baiskeli ya mhunzi ilitekwa na kengele yake ikapigwa mpaka akaja mbio. Yule bibi wa ungo alirudi. Alinipandishia bei mwenyewe, nikimwambia inatosha anakataa, tukaongea mpaka akaridhika. Aliondoka na ungo kichwani kama amevikwa taji.

Kulikuwa na kitambo kimoja tu ambapo watu walinyamaza. Mkagua tiketi, ulimi umemkolea, alisema, "Lakini nyinyi kubeba mmezoea! Babu zenu si walibeba pembe za watu mpaka pwani, bei hawakuuliza?"

Utani una haki ya kusema hivyo. Bado, niliona wazee wanatazama chini. Mwenyekiti alikuwa na mguu mmoja peku juu ya benchi, kiatu kimetekwa tena.

"Walibeba," akasema. "Barabara hii hii. Na mwenye pembe ndiye aliyetaja bei." Akamwonyesha mjomba kwa kidole. "Safari hii, mtani wangu, mzigo ni wa mbebaji. Wewe utawakatia tiketi tu."

Vigelegele vilivyopigwa pale, mimi nywele zilisimama. Mtani mwenyewe alikuwa wa kwanza kupiga makofi, halafu akanunua ule ubao wa bao, kwa hiari, bila kutekwa.

Meza zilibaki tupu. Treni ya wiki ile warina watatu waliipanda. Stesheni Mwenyekiti aliwapanga dirishani akawaambia, "Nyinyi mnakaa daraja la tatu. Nta hiyo ni daraja la kwanza. Mtu asiwachanganye." Mjomba akamwomba waende wote, yeye ana maneno. Akakataa. Alikataa haraka sana, na treni ilipoondoka nilimwona anajifuta macho kwa ncha ya ushungi, kwa sababu, nakwambia mimi niliyemjua, hakuna kitu alichokitaka kama kuingia kwenye ule mkutano na kuusimamisha.

Waliporudi walisema wamesikilizwa, lakini si kwa yote. Bei kutangazwa kabla ya msimu, hapana, bado inazungumzwa. Nta kuyeyushwa mbele ya mwenyewe, ndiyo, kuanzia msimu unaokuja. Mimi nilitaka yote na nilitaka leo. Nikalalamika mpaka Mwenyekiti akanipa mchele nichambue.

Halafu nikaenda Jeshi la Kujenga Taifa. Nikajifunza kuamka kabla ya jogoo, nikajifunza kukaa kimya, kidogo.

Nilirudi likizo wakati wa kuuza nta. Nikapita Ng'ambo kumsalimu, fundi akaniambia hayupo, amekwenda kijijini. Nikadandia lori la mbao. Nilimkuta amekaa juu ya gogo, mbali kidogo na watu, amejifunika khanga mpaka puani kwa kuogopa nyuki. Amekonda. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, askari wangu. Kaa hapa. Kaa tu."

Mnunuzi safari hii alikuwa kijana mgeni, ana jiko la mkaa, sufuria ndogo na kitambaa cha kuchujia. Warina wamepanga mstari. Kila mmoja alikata kipande cha bonge lake, kikayeyushwa akiwa amesimama hapo hapo. Zamu ya mjomba ilipofika, kijana aliyeyusha, akachuja haraka haraka, akatazama.

"Daraja la pili, mzee."

Mjomba akainama akaangalia kitambaa. Hakupandisha sauti.

"Hicho kitambaa kina uchafu wa nta ya mwenzangu. Kioshe. Yeyusha tena."

"Mzee, mstari ni mrefu."

"Naona. Yeyusha tena."

Nikataka kusimama. Mkono wa Mwenyekiti ukanishika paja, ukanibana chini, mkono wenye nguvu kuliko nilivyodhani. Nikamgeukia niseme, wewe husemi, wewe? Alikuwa anamtazama mjomba tu, macho yanang'aa kama ya bibi harusi.

Yule kijana alitazama huku na huku. Bila shaka alikuwa ameonywa juu ya mama mmoja wa Tabora mjini. Akamwona pale kwenye gogo, akangoja aseme kitu ili apate mtu wa kubishana naye.

Mwenyekiti akageuza uso, akaanza kuangalia mbuzi wa watu.

Kijana akachota maji, akaosha kitambaa, akachochea mkaa. Na nyuma ya mjomba, mstari mzima ulikuwa umekwishaanza kukata vipande vya pili, vya kurudia.